Binti Akianguka Kwenye Novena: Ni Pepo, Ni Ugonjwa, au Ni Huzuni?



Leo tuna somo zito kidogo, kwa hiyo kaa vizuri. Nitaanza na kisa, halafu tutafungua Injili na Katekisimu pamoja.

Ilikuwa siku ya sita ya novena ya Roho Mtakatifu, kwenye kigango kimoja upande wa Kitanga, huku juu kwetu Kigoma. Wewe uliye Kasulu au Kibondo unaijua baridi ya huku kiangazi kikishaanza, watu wanasali na vitenge mabegani. Tulipofika kwenye maombi ya kuwaombea wagonjwa, binti mmoja wa kwaya, anaimba sauti ya kwanza, akaanguka. Akapiga kelele, akarusha mikono, macho yakageuka. Papo hapo wenzetu wanne watano wakamzunguka. "Toka! Toka kwa jina la Yesu! Wewe ni nani? Taja jina lako!" Na mimi nilikuwemo, sijifichi. Nilikuwa nimeshika rozari kama mtu aliyeshika fimbo.

Baada ya dakika kama ishirini hivi, binti akataja jina. Alitaja jina la bibi yake mzaa baba.

Jamani, kimya kilichoingia pale sitakisahau. Bibi huyo ndiye aliyekuwa anamlea tangu mama yake alipofariki mwezi wa kwanza. Kabla hata hatujafunga sala, kuna mtu alishatoka nje kwenda kusimulia.

Katekista wetu, mzee wa miaka mingi, alifika amechelewa. Akatutazama, akasema tu, "Mwacheni apumue." Akaketi chini kwenye mkeka karibu naye, akauliza polepole, "Mjukuu wangu, leo umekula saa ngapi?"

"Sijala, mwalimu."

"Na usingizi?"

Hapo binti akaanza kulia, kilio cha kawaida kabisa cha mtu aliyechoka. Tukaja kujua kwamba hakuwa analala vizuri tangu siku ya mazishi. Zaidi ya hapo, alikuwa anafunga novena nzima kwa maji matupu, kwa sababu mtu fulani alimwambia kwamba kifo cha mama kilipitia kwenye "mlango" uliofunguliwa na ukoo wao. Katekista akamuuliza kwa nini alimtaja bibi. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike somo hili. Alisema, "Nilitaka muache kuniuliza."

Sasa tuingie kwenye somo.

Kwanza niondoe wasiwasi wa baadhi yenu, maana najua kuna mtu ameshaanza kusema, huyu naye amesoma sana, haamini tena habari za shetani. Hapana. Kanisa linaamini shetani yupo. Papa Fransisko katika wosia wake wa kitume juu ya utakatifu, wa mwaka 2018, Gaudete et exsultate, alitukataza kumfanya shetani kuwa hadithi au mfano tu. Lakini hapohapo alikiri kwamba zamani za Yesu ugonjwa kama kifafa uliweza kuchanganywa kirahisi na kupagawa. Mambo mawili kwa pumzi moja, na Mkatoliki anatakiwa kuyashika yote mawili. Katekisimu nayo (namba 395) inatukumbusha kwamba shetani ni kiumbe. Ana nguvu, ndiyo, lakini ni nguvu ya kiumbe, ina mpaka. Ukisikia mahubiri ambayo ndani yake shetani ametajwa mara hamsini na Yesu mara tano, jiulize ni nani anayetukuzwa hapo.

Na wewe mwenyewe umeshapungwa pepo, ulikuwa unajua? Siku ya Ubatizo wako padre alisali sala ya kupunga pepo juu yako. Ni ile fupi, ya kawaida, ya watoto na wakatekumeni wote. Ile nyingine kubwa, ya mtu aliyepagawa kweli, ina utaratibu wake. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, inasema hakuna anayeweza kuifanya bila ruhusa ya wazi ya askofu wa mahali, na ruhusa hiyo hupewa padre tu, tena padre mwenye ibada, elimu, busara na maisha safi. Katekisimu, namba 1673, inaongeza kwamba kabla ya kuanza lazima ihakikishwe kuwa jambo lenyewe si ugonjwa, hasa ugonjwa wa akili, kwa sababu kutibu ugonjwa ni kazi ya sayansi ya tiba. Padre mwenye ruhusa ya askofu, pamoja na elimu yake yote, anatakiwa aanze na swali la ugonjwa. Sisi wa kigangoni, wenye spika moja na ari ya ujana, tulianza na "toka!"

Kuna barua ambayo vijana wengi wa vikundi vya maombi hawajawahi kuisikia. Tarehe 29 Septemba 1985, Idara ya Mafundisho ya Imani huko Vatikano, ikiongozwa wakati huo na Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 16, iliwaandikia maaskofu juu ya mikusanyiko ya kuombea ukombozi. Iliwataka wahakikishe kwamba watu wasio na mamlaka hawaongozi mikutano ambamo mapepo yanasemeshwa moja kwa moja na kutakiwa kujitambulisha. Yaani lile la "taja jina lako" tulilolifanya usiku ule ndilo hasa lililokatazwa. Zamani niliona ni urasimu wa Roma. Baada ya kumsikia yule binti nikaelewa ni ulinzi. Mtu mwenye njaa, usingizi na majonzi, akizungukwa na watu wanaopiga kelele wakidai jina, atatoa jina. Na jina hilo litakuwa la nani, kama si la mtu wa jirani?

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye jeraha la kwetu. Kigoma tunawajua kamchape. Wanaingia kijijini, wanasema wametumwa kutoa uchawi, wanapita nyumba kwa nyumba, wanachimba na kuibua vitu, wanatoza fedha, na wakiondoka wanaacha ukoo umegawanyika na mzee fulani hawezi tena kwenda kisimani bila kuzomewa. Sisi Wakatoliki tunawalaani, vizuri. Lakini kama maombi yetu ya uponyaji yanaishia na jina la bibi wa mtu, tofauti yetu na kamchape ni nini, rozari? Soma Ufunuo sura ya 12: shetani anaitwa mshitaki, yule anayewashitaki ndugu usiku na mchana. Ibada iliyomaliza kwa kumshitaki bibi kizee asiyekuwepo kujitetea imefanya kazi ya nani? Nakuachia ujibu.

Tufungue sasa Marko sura ya 9, kuanzia aya ya 14. Baba analeta mtoto anayeanguka, anatoka povu, anakauka. Wanafunzi wameshindwa, watu wanabishana, umati unakimbilia kutazama. Angalia anachofanya Yesu kabla ya kumkemea pepo. Anamgeukia baba na kumuuliza, hali hii imempata tangu lini? Mimi nilisoma Injili hii miaka yote bila kuliona swali hilo. Ni swali la daktari! Yesu, anayejua yote, anataka kusikia historia ya mgonjwa kutoka kwa anayeishi naye. Na baba anajibu kwamba ni tangu utotoni, na kwamba mara nyingi mtoto ameangukia motoni na majini. Ukienda kwa Mathayo sura ya 17, mtoto ni yuleyule, lakini Biblia zetu za Kiswahili zimezoea kutumia neno kifafa. Wainjili wawili wanaangalia mateso yaleyale, na Kanisa limebaki na maandishi yote mawili bila kufuta hata moja.

Kifafa ni mfano mzuri kwa sababu Tanzania ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mmoja kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge, kusini huko kwa Wapogoro. Aliwakuta watu wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka kifafa karibu na mafiga, na watu waliogopa kuwavuta. Waliamini kuna roho, na kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza. Daktari huyo akaanzisha kliniki ya kifafa na kuwapa wagonjwa fenobabitoni, dawa ya bei ndogo ambayo hadi leo inatumika. Wengi degedege zikapungua au zikakoma, wakarudi kulima na kukaa na watu. Sasa niambie: kama angekuja mtu na kuwaombea tu, huku akiwaambia watupe vidonge ili kuonyesha imani, angekuwa ametenda mema?

Swali hilo lina jibu la kihistoria, na linauma. Ujerumani kulikuwa na binti Mkatoliki, Anneliese Michel, aliyekuwa na kifafa, kisha akaanza kuona na kusikia mambo ya kutisha. Mwaka 1975 askofu alitoa ruhusa, mapadre wawili wakamfanyia ibada ya kupunga pepo mara 67 katika muda wa miezi kama kumi. Akaacha kula. Alifariki tarehe 1 Julai 1976, ana miaka 23, uzito wake umeshuka hadi kilo 31 hivi. Mahakama iliwatia hatiani wazazi wake na mapadre wote wawili mwaka 1978, kwa sababu hawakumwita daktari. Walikuwa watu wanaosali, waliompenda. Ruhusa ya askofu ilikuwepo, imani ilikuwepo, daktari hakuitwa.

Wengine mtauliza: na zile alama? Zipo, na kitabu cha ibada kinazitaja tangu zamani: kusema maneno mengi katika lugha ambayo mtu haijui, kujua mambo ya siri au ya mbali, kuwa na nguvu kuliko umri na mwili, pamoja na chuki kali kwa Mungu na vitu vitakatifu. Na hata hizo hazichukuliwi kama uthibitisho moja kwa moja, zinachunguzwa. Kuanguka hakumo kwenye orodha. Kulia hakumo. Kuota ndoto mbaya hakumo. (Na kwetu mpakani, mtu kuropoka Kirundi au maneno mawili ya Kifaransa si lugha ngeni hata kidogo! Jirani yake ametoka Nyarugusu au Nduta.)

Tukiwataja wa Nyarugusu, tusipite haraka. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015 wakaja Warundi wengi. Humo wamo vijana waliosali rozari wakiwa wamejificha porini, waliowaona ndugu zao wakiuawa. Kijana wa namna hiyo akiamka usiku anapiga kelele, je, haraka yetu ya kusema "ana mapepo" si namna ya kukwepa kumsikiliza? Kusikiliza kunachukua muda mrefu kuliko kukemea.

Sasa suala la shule. Walio bwenini mnalijua: msichana mmoja anaanguka wakati wa prepo, kesho wanaanguka sita, keshokutwa bweni zima, na wazazi wanaambiana shule ina mashetani. Tanzania tulipata tukio la namna hii ambalo dunia nzima bado inalisoma. Tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, mkoa ambao leo ni Kagera, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kuacha. Kucheka kukachanganyika na kulia na kukimbiakimbia. Kati ya wanafunzi 159, wakapatwa 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi nyumbani, hali ile ikaenea vijijini, kama Nshamba. Madaktari walipima damu, wakachunguza chakula, hawakukuta sumu wala kijidudu, na hakuna aliyekufa. Walichoona ni hofu na mkazo, vinavyohama kutoka mwili hadi mwili kati ya watu wanaoishi pamoja chini ya ukali bila pa kusemea.

Hii haina maana kwamba wanaigiza. Yule binti wetu hakuigiza. Mwili wake ulisema jambo ambalo mdomo ulikuwa haujapata ruhusa ya kulisema. Kwa hiyo ukiwa kiongozi wa TYCS au VIWAWA na mwenzako ameanguka, punguza watu. Zima spika. Mlaze ubavu, toa vitu vya kumuumiza, usimtie chochote mdomoni, usimshike kwa nguvu. Abaki mtu mmoja au wawili anaowaamini, wasali polepole, Salamu Maria inatosha. Mfunike, maana ni mtu na ana heshima yake. Degedege likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, tafuta pikipiki au gari, mnaenda hospitali, sala mtaendelea nayo njiani. Simu za kurekodi video ziwekwe mfukoni. Hili la video naomba sana, limewaharibia mabinti wengi maisha.

Na huzuni? Huzuni peke yake, bila kuanguka, bila kelele, ile ya kuamka saa tisa usiku na kukaa unatazama bati mpaka asubuhi? Vijana wengi mmefundishwa kwamba Mkristo mwenye imani hapatwi na sonona. Sasa Elia tutamweka wapi? Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19: nabii mkubwa, ametoka kushinda mlimani Karmeli, anakaa chini ya mti jangwani na kumwomba Mungu afe. Malaika anakuja. Hamkemei, hamhoji dhambi zake, hamwambii imani yake ndogo. Anampa mkate wa moto na maji, anamwacha alale tena, kisha anamwamsha ale mara ya pili. Hiyo ndiyo ibada ya uponyaji ya kwanza aliyopewa Elia. Yule katekista wetu alipouliza habari za chakula na usingizi alikuwa anafanya kazi ya malaika, sijui kama alijua.

Tena kuna Mtakatifu Louis Martin, baba yake Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Akili yake ilipougua uzeeni alilazwa miaka mitatu, kuanzia 1889, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bon Sauveur, mjini Caen, Ufaransa. Watu walisema maneno mengi, na binti zake waliyasikia. Mwaka 2015 Kanisa lilimtangaza mtakatifu pamoja na mke wake Zélie. Kwa hiyo rafiki yako akiandikiwa kwenda Mirembe, usilitamke jina hilo kama tusi.

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza tumheshimu daktari, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba, na ndiye aliyetoa dawa katika ardhi. Halafu, katika sura hiyohiyo, anamwambia mgonjwa asali na kujitakasa. Hakuna ugomvi hapo. Sakramenti zina nguvu ya kweli, na ninasikitika kwamba tunaikimbilia mikesha ya kelele tukiiacha Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa kana kwamba ni ya wanaokata roho tu. Mgonjwa mahututi wa akili naye anaweza kuiomba. Muulize paroko wako. Kitubio kinaponya dhambi na kukata minyororo mingi, ila usimlazimishe mtu aende kuungama majonzi yake, maana kumlilia mama si dhambi. Ekaristi, maji ya baraka, sala kwa Malaika Mkuu Mikaeli, vyote ni vyetu, tuvitumie kwa utulivu. Na ikiwa baada ya daktari na baada ya muda bado kuna mambo yasiyoelezeka, mpeleke kwa paroko, yeye ndiye atakayemfikia askofu. Njia ni hiyo, inakwenda polepole, na sijaona njia ya mkato isiyomuumiza mtu.

Binti yetu alipelekwa hospitali wiki ile. Walimsikiliza, wakampa dawa za kumsaidia kulala na siku za kurudi. Baba Paroko alimpaka mafuta siku ya Jumapili mbele yetu wote, bila kelele, na ile novena akaambiwa aache kufunga. Bado kuna siku anakaa nyuma ya kwaya haimbi. Hatumuulizi.

Bibi aliacha kuja jumuiya. Wiki ya nne tukaenda watu sita, wale tuliopiga kelele, kumwomba radhi. Tulimkuta uani na maharage yameanikwa. Tulipiga magoti, nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani. Alitutazama kwa muda, kisha akasema mvua haimsubiri mtu, tuchukue fimbo tumsaidie kupura. Tulipura mpaka jua likashuka. Msamaha hakuutaja. Tulipoaga alimuuliza mjukuu wake kama ameshameza dawa.